Daftari la Bi Mwanamkasi

Kabla ya Jumanne ile Bibi alikuwa na maneno ya kumwaga.
Nyumba yetu ya barabara ya kumi na mbili, Ngamiani,
ilijaa maneno kuliko vyombo.

Ukiacha mlango wazi:
"Umezaliwa mapango ya Amboni weye?"
Ukilala mpaka jua likufuate kitandani:
"Amka, wenzio wameshakula na njaa imewarudia."
Ukibakisha chai kikombeni:
"Hiyo wamwachia nani, mume wangu wa kaburini?"
Kaka yangu Mbaruku alikuwa mume wake wa duniani.
Mimi mke mwenzie: nanyimwa maandazi mbele za watu,
kisha naitwa uani, napewa mawili,
bado ya moto, yamefungwa kwenye pindo la kanga.

Usiku ulikuwa na sheria zake.
Fagio lilale. Kucha zingoje asubuhi.
Chumvi isiitwe chumvi;
tulitumwa kwa Mama Mhina kuomba "dawa ya mchuzi",
naye akitupimia kwa kiganja, akicheka.
Nikijikwaa, "Hamadi!" yake
ilifika chini kabla yangu.
Nikipiga chafya: "Kua!"
Nami nikakua.

Jumanne ile alikuwa anakuna nazi.
Kifuu kikabingirika mpaka kizingitini.
Yeye ameegemea ukuta, mdomo umekwenda upande.
Mbaruku akaitupa baiskeli njiani,
gurudumu likazunguka peke yake
muda mrefu, naona hata leo.

Bombo walimwonyesha kijiko. Hiki nini, Bibi?
Akakitazama kama anayetafuta jina
la mgeni aliyelala kwake juzi.
Wakamwonyesha ufunguo. Kikombe.
Wakanionyesha mimi.
Daktari kijana akafunga faili taratibu:
maneno yameondoka.

Tukageuka kumsindikiza daktari mpaka mlangoni,
na nyuma yetu, kwa sauti ileile ya kufukuzia kuku:
"Waja leo, waondoka leo?"

Maneno yalikuwa yameondoka.
Misemo haikuwa imepata habari.

Basi tukaanza kujifunza Kiswahili upya,
watu wazima, kwa daftari la shule la kurasa arobaini.
Mama ndiye aliyeandika.
*Haba na haba*: ana kiu, mpe kwa kijiko.
*Mwenye macho haambiwi tazama*: fungua pazia.
*Usikalie kinu*: haraka, chooni!
*Mgeni njoo mwenyeji apone* tulidhani ni njaa,
tukamlisha uji wiki nzima, akautema wiki nzima,
mpaka Mama Mhina akapita na redio yake ndogo
na Bibi akanyoosha mkono wa kushoto, ule uliobaki.
Mama akafuta *uji*, akaandika *redio*.

Neno moja lilitushinda.
"Kua."
Alilisema mchana, alilisema usiku wa manane,
hakuna aliyepiga chafya,
na alilisema kwangu tu.
Tukaleta blanketi. Akalisukuma.
Tukaleta dawa, tasbihi, picha ya Babu akiwa na suruali ya reli.
Kwenye daftari Mama aliandika *Kua*,
nukta mbili, kisha akaacha mstari.

Usiku mmoja nikachukua fagio makusudi.
Nikafagia chumba chake, kona kwa kona,
nikafagia riziki yetu yote kuelekea mlangoni,
nikimtega anikemee walau mara moja
kama nilivyozoea.
Alinifuata kwa jicho mpaka nikafika kizingitini.
Nusu ya mdomo ikacheka.
"Kua," akasema.

Nikalirudisha fagio pembeni.
Sebuleni Mbaruku akapiga chafya,
kubwa, ya kuamsha majirani.
Nikamtazama Bibi. Nikangoja.
Hakumwambia kitu.